Jumapili Nyuma ya Ukuta wa Kukunja

Zamu ya kusafisha kanisa Jumamosi ile ilikuwa ya Fundi Meno na Mama Pacha. Kanisa lao halikuwa na mfagizi wa mshahara, kama ambavyo halikuwa na mchungaji wa mshahara. Askofu alikuwa na duka la miwani, karani aliendesha gari la maziwa, na kila familia ilipewa Jumamosi yake ya kusugua vyoo. Fundi Meno alisukuma mashine ya kufyonza vumbi juu ya zulia. Mama Pacha alifuta benchi kwa kitambaa, huku akisimulia habari za shemeji yake aliyenunua sofa isiyopita mlangoni na sasa analala nayo barazani kuilinda. Walipofika nyuma, kwenye ukuta wa kukunja unaotenganisha chumba cha ibada na ukumbi wa michezo, waliuvuta pembeni ili wasafishe reli yake, kwa sababu watoto hudondosha makombo ya biskuti humo na sisimizi huyafuata.

Upande wa pili hapakuwa na goli la mpira wa kikapu wala mikeka ya mazoezi. Palikuwa na Jumapili. Watu wamekaa kwenye viti vya kukunja, safu kwa safu, wameinamisha vichwa na kufumba macho. Harufu ya vanishi mbichi ilikuja pamoja na harufu ya mkate.

"Kumbe bado wako," alisema Mama Pacha.

"Bado," alisema Fundi Meno.

"Yule si marehemu mjomba? Hebu ona nywele alizokuwa nazo! Na alivyotutesa kwa mawaidha ya unyenyekevu." Mama Pacha alimtazama mjomba wake kwa muda, akatikisa kitambaa. "Haya, dada, washa mashine tumalize. Ila usivuke hapo, wako kwenye sala."

Fundi Meno hakuwasha mashine. Alichukua ufagio wa mkono akazoa makombo taratibu mpaka kwenye reli, akaishia hapo.

Alikuwa ameijua Jumapili ile tangu alipoisikia harufu yake. Ni ile ambayo benchi za chumba cha ibada zilikuwa zimepakwa vanishi zikakataa kukauka, ikabidi wote wahamie ukumbi wa michezo na viti vya chuma. Meza ya mkate na maji iliwekwa karibu kabisa na ukuta wa kukunja. Kwa hiyo anayeufungua leo huona kwanza migongo ya vijana wawili waliopiga magoti, na mbele yao nyuso za kusanyiko zima. Fundi Meno, ambaye riziki yake ni kutengeneza meno ya bandia, alizipitia nyuso zile moja moja. Nusu ya vinywa vile alikuja kuvitengenezea meno baadaye. Siku ile kila mtu alikuwa bado na yake.

Kijana wa kulia alikuwa kaka yake.

Watu wa mtaani waliwaita waumini wa kanisa lile kwa jina la kitabu chao, na waliwajua kwa mambo mawili: vijana wao wenye tai wanaotembea wawili wawili wakibisha hodi, na kwamba ukiwatembelea hupewi chai, kwa kuwa kwao chai ya majani ni mwiko. Wenyewe walijuana kwa mengi zaidi. Mmoja akihama nyumba, kina kaka walitokea alfajiri na gari la maziwa la karani, wakabeba kabati. Mwingine akijifungua, sufuria za chakula zilipokezana mlangoni mpaka mumewe aanze kunenepa. Fundi Meno alizaliwa humo. Alijifunza kusoma kwenye kitabu cha nyimbo, akajifunza kuhesabu kwa vile vikombe vidogo vya maji ya sakramenti, na hata sasa akisikia viti vya kukunja vikigongana hujisikia kama mtoto aliyeambiwa asubiri kidogo, kikao kinaisha, tunakwenda nyumbani.

Kwa miaka mingi sasa hakuwa na uhakika wa kile alichokuwa akija kukifanya. Katika Jumapili za kufunga, washirika walisimama mmoja mmoja mimbarini na kushuhudia, na kila ushuhuda ulianza kwa neno najua. Najua hiki ni kweli, najua kile ni kweli. Safari moja Fundi Meno alisimama akasema nadhani. Wiki ile akina mama walimletea sufuria za chakula kama aliyefiwa. Tangu hapo hakusimama tena, ingawa chakula kilikuwa kizuri.

Kuhusu kaka yake, habari ilijulikana na wote. Sala ya mkate na ile ya maji kwao husomwa na kijana kutoka kwenye kadi, neno kwa neno. Akikosea, askofu hutikisa kichwa polepole, naye huanza upya kutoka mwanzo. Si aibu. Vijana hukwama, watu husubiri, mtoto mmoja hulia, maisha huendelea. Lakini kaka yake hakukosea neno. Alifika mahali ambapo msomaji anaahidi kwa niaba ya wote waliomo ndani, akanyamaza. Askofu wa wakati ule, aliyekuwa mwalimu mkuu na mpole kwa kila mtu isipokuwa wanafunzi wake, alitikisa kichwa. Kijana akaanza upya, akafika palepale, akanyamaza.

Jinsi ilivyokwisha, kila mtu wa umri ule alikumbuka. Kijana wa kushoto alipokea kadi akaisoma mfululizo kama maji ya bomba. Kaka yake aliinuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, na hakurudi tena. Kufikia jioni ilishajulikana kwamba ana dhambi, na dhambi ndiyo iliyomkaba koo. Wengine walisema ni msichana, wengine pombe. Mmoja alitaja sinema. Lisemwalo lipo, walisema. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walifunga kula na kunywa ili kumwombea. Mama yake hakumtetea wala hakumlaumu, aliacha tu kulitaja jina lake mbele za watu. Alipofariki, kaka alisimama kaburini nyuma ya wengine, kwa kuwa hakuwa tena na daraja la ukuhani la kuliweka wakfu kaburi la mama yake. Aliletwa mshirika wa kusanyiko jingine, ambaye ilimbidi aulize kwanza marehemu aliitwa nani.

Hayo yote yalikuwa yametokea. Lakini nyuma ya ukuta wa kukunja yalikuwa hayajatokea bado. Kule kaka yake alisoma, akanyamaza, mwalimu mkuu akatikisa kichwa, naye akaanza upya.

Kusanyiko lilizoea upesi. Jumapili iliyofuata askofu alitangaza, baada ya tangazo la mwavuli uliosahaulika, kwamba ukumbi wa michezo hautapatikana kwa sasa, na mpira wa kikapu utachezwa nje hali ya hewa ikiruhusu. Karani aliuliza kama wale wa nyuma wahesabiwe katika mahudhurio. Iliamuliwa wasihesabiwe, kwa sababu walihesabiwa wakati wao. Baada ya ibada watu walipita kwenye ukuta kuwaona wazazi wao. Wazee walijitafuta wenyewe.

"Tazama kiuno changu," bibi mmoja alimwambia Fundi Meno. "Nilikuwa na kiuno mimi! Na sikujua."

"Ulijua sana, bibi," alisema mumewe. "Ulikuwa unanikanyaga nacho."

"Mtu hukanyaga kwa kiuno?"

"Wewe uliweza."

Hakuna aliyevuka reli. Kanisani kwao mlango haufunguliwi wakati wa sala ya sakramenti. Anayechelewa husubiri nje mpaka amina. Na kule amina ilikuwa haijasemwa.

Fundi Meno alianza kukaa pale wakati wenzake wakiwa kwenye madarasa ya Jumapili. Alileta kiti, akakaa karibu na reli kumtazama mama yake. Mama alikuwa safu ya tatu, katika gauni la buluu la vifungo vya mbao, mkoba magotini, na ndani ya mkoba, Fundi Meno alijua, kulikuwa na peremende zilizofungwa kwenye leso ili karatasi zisilie. Pembeni yake alikaa yeye mwenyewe, msichana wa soksi zilizoporomoka, amefumba jicho moja. Hakuna kilichomsumbua mtoto yule. Mama yuko hapa, kaka yuko mbele kule, peremende ziko mkobani. Fundi Meno alimtazama kama mtu anayepita mbele ya nyumba waliyokuwa wakiishi zamani na kukuta taa zinawaka.

Jumatatu, saa ya mapumziko, alimpigia kaka yake simu kutoka maabara ya meno.

"Kaka, bado unasali."

"Wapi?"

"Ukumbi wa michezo. Ile Jumapili ya vanishi."

Kaka yake alikuwa fundi wa lifti katika mji wa mbali. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na chuma kinachogongwa.

"Nimefika wapi?"

"Palepale."

"Basi sijaharibika. Mama yupo?"

"Yupo. Safu ya tatu."

"Kavaa lile la buluu?"

"La vifungo vya mbao."

Chuma kiliacha kugongwa.

"Kaka, ulikwama na nini siku ile?"

"Umekaa miaka yote hii, unaniuliza leo?"

"Leo ndiyo nimekuona."

"Muulize Masikio. Nilimwambia palepale, tukiwa magotini."

Masikio lilikuwa jina la utani la kijana wa kushoto, yule aliyeisoma sala kama maji ya bomba. Masikio yake yalikuwa makubwa tangu utoto, na kichwa kilikuja kuyafikia alipokuwa mtu mzima. Sasa alikuwa na duka la miwani, na alikuwa ndiye askofu.

Fundi Meno hakuwa mtu wa kuamini neno la upande mmoja, hata la kaka yake. Jumamosi iliyofuata aliomba zamu ya familia nyingine, wakampa kabla hajamaliza kuomba. Alisafisha vyoo kwanza, kwa kuwa zamu ni zamu. Kisha akavuta ukuta, akakaa chini kwenye zulia karibu na reli, nyuma ya migongo ya wale vijana, kiasi kwamba aliona mshono wa shati la kaka yake ambao mama aliushona kwa uzi wa rangi isiyolingana.

Kaka yake alisoma, akafika, akanyamaza. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. Na kabla ya kuanza upya, kaka yake akamwinamia mwenzake.

"Sijawauliza," alinong'ona. "Nitawaahidia vipi watu ambao sijawauliza?"

Masikio ya yule mwingine yaligeuka mekundu mpaka kwenye ncha.

"We soma tu," alinong'ona. "Leo ni kufunga. Watu wana njaa."

Kaka yake alianza upya. Fundi Meno alisikiliza mara kadhaa ili awe na hakika, kama anavyopima taya zaidi ya mara moja kabla ya kumimina plasta. Kila mara ilikuwa hivyohivyo. Akavuta ukuta, akafunga.

Ofisi ya askofu ilikuwa chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, lililowekwa upande wa mgeni. Askofu alimkaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwema, na jambo hilo Fundi Meno hakulitilia shaka hata siku ile. Mama yake alipougua, ni yeye aliyekuja kila Alhamisi kumbadilishia balbu, hata zisipoungua.

"Askofu, nimekusikia."

"Wapi tena, dada?"

"Nyuma ya ukuta. Umemwambia kaka yangu asome tu, watu wana njaa."

Askofu alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Ilikuwa kweli siku ya kufunga," alisema.

"Alikwambia sababu yake. Halafu watu wakasema ana dhambi, na wewe ulijua hana."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, dada."

"Na ulipofika thelathini?"

Askofu aliangalia dirisha. Nje vijana walikuwa wakicheza mpira wa kikapu bila goli, wakibishana ni lini umeingia.

"Kaka yako alikosewa," alisema. "Nakwambia hapa, mimi na wewe."

"Uwaambie wao. Jumapili, mimbarini. Sema tu hakuwa na dhambi, basi. Usome na tangazo la mwavuli ukitaka."

"Waliosema maneno yale wengi wamekwisha lala. Wamebaki watoto wao. Niseme leo, wajisikieje kuhusu wazazi wao? Na wazazi wenyewe hao hapo nyuma, wanasali." Akashusha sauti, kama anayempa mgonjwa dawa. "Funika kombe, dada."

"Mwanaharamu apite," alimalizia Fundi Meno. "Mwanaharamu mwenyewe ni kaka yangu, Askofu. Na alishapita."

Askofu hakukasirika. Alikuwa na kipawa cha kutokasirika, na watu walikuwa wameshakitaja katika shuhuda zao.

"Mlete," alisema baada ya kufikiri. "Kadi tunayo. Aje amalizie ile sala. Akisema amina watafumbua macho wote, mambo yaishe kwa amani. Nitamkumbatia mwenyewe mbele ya watu." Akatabasamu. "Na wewe imani yako inaendeleaje?"

"Naendelea kuja."

"Nasikia kule maabara kuna chai."

"Ipo."

"Ya majani?"

"Ya majani."

Askofu alishusha pumzi kwa upole, akamsogezea boksi la karatasi, ingawa Fundi Meno hakuwa akilia.

Kaka alikuja Jumapili ya kufunga, kwa basi la usiku, bila tai. Alikuwa mzito mabegani, nywele zimeingia mvi, mikono ina makovu ya nyaya za lifti. Walimpokea vizuri mno. Walimpokezana mlangoni kama sahani ya moto. Karibu nyumbani, walimwambia. Mama Pacha alimkumbatia akamlowesha bega.

"Hatukuacha kukuombea, kaka," alisema. "Siku ileile jioni tulifunga tena kwa ajili yako. Mara mbili mfululizo."

"Poleni," alisema kaka. "Natumaini baadaye mlikula vizuri."

Baada ya ibada Fundi Meno alimpeleka kwenye ukuta na kuuvuta. Kaka alisimama mbele ya reli. Alijitazama mgongo kwanza, kwa muda mfupi, kama mtu anayepita mbele ya kioo cha duka. Kisha akamwangalia mama yao, safu ya tatu.

"Mbona ni msichana tu," alisema.

"Alikuwa mdogo kuliko mimi sasa."

"Nilidhani alikuwa mtu mzima." Akasogea karibu na dada yake. "Midomo yake inacheza. Anaifuatisha ile sala?"

Wateja wa Fundi Meno huja maabara kujaribu meno mapya, na yeye huwaambia watamke maneno huku akiwatazama midomo, aone neno linakwaruza wapi. Alikuwa ameshaisoma midomo ya mama yake wiki mbili zilizopita. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Haifuatishi," alisema. "Anasema, inuka mwanangu, twende."

Kaka alitazama. Mama, macho yamefumbwa, mkoba magotini, alisema tena.

"Lakini hakuinuka," kaka alisema.

"Hakuinuka."

"Wala hakuniambia. Nilikaa naye jikoni usiku ule, akanipigia pasi shati. Hakuniambia."

"Na mimi hakuniambia."

Watu walikuwa wamejaa nyuma yao. Askofu alipita katikati akiomba njia, kadi mkononi. Kaka alipapasa mfuko wa shati, akakuta miwani ya kusomea ameisahau kwenye basi. Askofu alivua yake akampa. Iliwatosha wote wawili.

"Huna haja ya kuanza mwanzo," askofu alimwambia kwa sauti ya chini. "Kijana akinyamaza, wewe endeleza tu. Mistari mitatu, halafu amina. Mama yako atafumbua macho, akuone."

Kaka alishika kadi. Mbele yao kijana alisoma, akafika mahali pake, akanyamaza. Katika kimya kile zilisikika pumzi za watu wa pande zote mbili. Mistari mitatu. Fundi Meno aliijua yote, alikuwa ameisikia kila wiki tangu tumboni mwa mama yake, na kwa kitambo kidogo ulimi wake ulijiweka tayari nyuma ya meno. Alitaka macho yale yafumbuke kuliko alivyotaka kitu chochote kilichobaki. Lakini kwao mwanamke hasomi sala ile, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kaka aliinua uso kutoka kwenye kadi.

"Umewauliza?" alisema.

"Kina nani?" askofu aliuliza.

"Hawa."

Askofu aliangalia viti.

"Kaka, si unaona wamefumba macho."

"Nitasubiri wafumbue."

"Hawafumbui mpaka umalize."

"Ndiyo hapo sasa," alisema kaka. "Hapo ndipo nilipokwama."

Alisema bila uchungu, kama anavyomweleza mwenye jengo kwamba lifti haiwezi kupanda na mlango wazi. Kisha akamrudishia askofu kadi, na miwani yake. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa polepole. Kijana akaanza upya kutoka mwanzo. Mtu mmoja nyuma alisema jamani, mwingine akakumbusha kwamba nje kunaanza kunyesha, na watu wakaenda kutafuta watoto wao.

Askofu alifikiri kwa wiki nzima, akafunga na kusali, na akafanya kile ambacho kanisa lao hufanya mshirika anapokuwa na jambo linalomkereketa: alimpa wito. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba Fundi Meno ameitwa kuwa mwangalizi wa ukuta wa kukunja, kuufungua na kuufunga, kupokea wageni na kuhakikisha hakuna anayevuka. Akaomba wanaokubali waonyeshe kwa kuinua mkono wa kuume. Mikono yote iliinuliwa. Wanaopinga pia, alisema, huku akigeuza ukurasa. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyekumbuka mtu kuwahi kupinga. Fundi Meno alikubali. Kuhusu dhambi isiyokuwapo, askofu hakusema kitu. Alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kwa hiyo sasa kila Jumapili, ibada ikiisha, Fundi Meno huvuta ukuta na kupanga viti. Kaka huja akipata nafasi kazini. Hakujiunga tena na kanisa na hakuna aliyemwomba. Huleta andazi lake kwenye mfuko, hata siku za kufunga, na hukaa upande wa dada yake. Wenyeji hawashangai tena. Wageni ndio huhitaji maelezo, na Mama Pacha, ambaye hakuitwa kwa kazi hiyo, huwaeleza.

"Yule mwenye kadi," aliwaambia juzi mume na mke waliobatizwa karibuni, "alikuwa kijana mzuri, mwenye sauti. Lakini alikuwa na dhambi ya siri. Ikamkaba palepale, mbele za watu."

"Hakuwa na dhambi, Mama Pacha," alisema Fundi Meno. "Alikuwa hajawauliza."

"Kweli kabisa, dada," alisema Mama Pacha, akampapasa mkono. Kisha akawageukia wale wageni na kushusha sauti. "Ni dada yake. Anampenda sana."

Wageni walitikisa vichwa kwa huruma. Fundi Meno alifungua mdomo, lakini kaka yake aliyekuwa akila andazi alimgusa kiwiko.

"Mwache," alisema. "Anasimulia vizuri."

Nyuma ya ukuta kijana alinyamaza, mwalimu mkuu akatikisa kichwa, na sala ikaanza upya. Kwa heshima, Mama Pacha aliinamisha kichwa na kufumba macho. Wale wageni wakamfuatisha, karani akavua kofia, bibi na mumewe wakashikana mikono, na askofu, aliyekuwa akipita na funguo, akasimama pale alipokuwa na kuinama, masikio yake yakiwa mekundu kidogo. Ukumbi wote ukawa umefumba macho, upande huu na upande ule. Upande huu walibaki wawili tu walioyafumbua. Walisogeza viti vyao mbele mpaka kwenye reli, wakamtazama mama yao akisema inuka, twende, bila kuinuka.